Picha ya kazini Jumanne: koti jeupe, suti nyeusi, kitenge au gauni?

MamaShamim

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nina swali la mavazi na zimebaki siku tano.

Nafanya kazi maabara ya hospitali moja hapa Nairobi, huu ni mwaka wa 19. Mwezi uliopita nimekabidhiwa kitengo cha damu nikiongoze. Sasa wakuu wa vitengo wote tutapigwa picha Jumanne saa nne asubuhi, ukumbi wa mikutano, pazia la nyuma la kijivu. Picha moja itabandikwa ukutani pale wagonjwa wanapoingilia na nyingine itakwenda kwenye tovuti. Barua ya ofisini kuhusu nguo ina maneno matatu tu: "mavazi ya kikazi". Kila mtu ana dakika kumi na tano na ruhusa ya kubadilisha nguo mara moja.

Nijieleze nilivyo ili mnishauri vizuri. Nina miaka 46, mweusi kama marehemu baba yangu, mwili wa mama wa watoto watatu. Navaa mtandio siku zote, na miwani ile inayojigeuza nyeusi juani.

Nguo nilizo nazo ni hizi. Kuna koti jeupe la maabara, ndilo watu wanalonijua nalo. Lakini koti la maabara halitoki maabara. Nimewafundisha wanafunzi hilo miaka yote, kwamba damu za watu usizibebe kwenye mikono ya koti ukaingia nazo kantini. Kwa hiyo kama ni hilo, nitachukua jipya stoo ambalo halijaingia ndani kabisa. Kuna suti nyeusi niliyonunua 2016 kwa ajili ya usaili. Nikifunga kifungo inanivuta tumboni. Kuna koti la kitenge, buluu na chungwa, maua makubwa kama sahani, nilishonewa Kenyatta Market kwa harusi ya mpwa wangu. Nikilivaa hilo nasimama wima bila kukumbushwa. Na kuna gauni refu la rangi ya damu ya mzee, kitambaa kizito kisichong'aa, nililipata Eastleigh. Halina makuu.

Mtaniuliza kwa nini nahangaika hivi kwa picha moja. Picha ya kikazi niliyowahi kupiga ni moja tu. Mwaka 2004 nilishuka basi la usiku kutoka Mombasa, nikaambiwa picha nne za paspoti zinahitajika kabla ya saa sita mchana. Nikaingia studio moja River Road. Mwenyewe akanitazama, akanionyesha koti lililoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, akasema vaa hilo. La kiume. Lilikuwa na jasho la watu wengine. Picha hiyo ndiyo iko kwenye faili langu na kwenye kitambulisho ninachovaa shingoni mpaka leo, na kila nikiiona naona mabega ya mtu nisiyemjua. Safari hii nataka nikitazama nijione mimi.

Karani_UpperHill

Suti nyeusi, dada. Mpe fundi aitanue. Barua ikisema mavazi ya kikazi, wakubwa wanamaanisha suti, wala hawataki mjadala. Kitenge usithubutu. Umesahau Novemba 2023, Spika Wetang'ula alipopiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya Kiafrika bungeni? Kama nguo aliyoipenda Rais mwenyewe ilizuiwa mlangoni, maua yako ya chungwa yataponea wapi? Picha ya ukutani inakaa miaka. Usijiwekee kitu ambacho mtu atakuja kukihoji.

MpigapichaNgara

Mama Shamim, hongera kwa kukabidhiwa kitengo. Napiga picha za maofisini mwaka wa kumi na mbili sasa. Nikiingia ukumbini naangalia nguo za watu kabla sijaangalia nyuso, kwa sababu nguo ndizo zinazoniamulia taa niziweke wapi.

Nianze na koti jeupe, maana hapo ndipo picha nyingi za wahudumu wa afya weusi zinapoharibikia. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga, huchukulia kwamba yote yaliyo mbele yake yakichanganywa yanatoa kijivu cha wastani. Ikikutana na koti jeupe lililojaza nusu ya picha, inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Koti linatoka safi, uso unabaki gizani. Halafu mtu anaiona picha anasema, "Mimi mweusi sana, sipendezi kwenye picha." Inaniuma kila nikimsikia mtu mzima akisema hivyo. Uso wake hauna kosa lolote. Aliyepiga alipima koti, hakupima uso.

Na jambo hili halikuanza na simu zetu. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilikuwa ikituma kwenye vyumba vya kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, ikaitwa kadi ya Shirley. Rangi zilirekebishwa mpaka ngozi yake itoke sawa, basi, kazi imekwisha. Ngozi zetu hazikuwa kwenye hesabu hiyo. Na filamu zilipokuja kurekebishwa zishike vizuri rangi za kahawia, waliokuwa wamelalamika wakasikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wauza samani za mbao. Ndiyo maana kwenye albamu za zamani wazazi wetu wanaonekana meno na macho tu. Kamera za siku hizi zinaweza, lakini ni lazima aliyeishika ajue anampima nani.

Kwa hiyo koti jeupe linawezekana, ila zungumza na mpigapicha kabla hujasimama mbele ya pazia. Mwambie apime mwanga usoni kwako, na awe na taa ya ubavuni itakayogusa shavu na paji. Ngozi nyeusi inapendeza pale mwanga unapoteleza juu yake kutoka upande. Ukirushiwa flashi moja kwa moja usoni, ngozi inakuwa bapa.

Suti nyeusi na mtandio mweusi sikushauri. Mikunjo yote inapotea, bega halijulikani linapoanzia, uso unaonekana umeelea peke yake. Kitenge nacho, kwa ua lenye ukubwa wa sahani: picha itakatwa kifuani, kwa hiyo tutaona nusu ya ua bega la kushoto na kipande cha chungwa chini ya kidevu. Kwenye tovuti picha itakuwa kama stempu, na jicho litakimbilia chungwa kabla ya wewe. Zaidi ya hapo, rangi kali iliyo karibu na shingo inarudisha mwanga juu. Utapata kivuli cha chungwa kwenye taya, na kukiondoa baadaye ni kazi.

Kura yangu ni gauni la damu ya mzee. Juu ya kijivu rangi hiyo inatulia, ni nzito bila kuwa nyeusi, na kitambaa umesema haking'ai.

Miwani: usije na jua usoni dakika ya mwisho. Lenzi hizo zinachukua dakika kadhaa kurudi kuwa nyeupe. Fika mapema, kaa ndani. Taa ikionekana kwenye vioo, inua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio, vioo viiname chini kwa nywele moja tu. Hakuna atakayejua.

Kisha fanya jaribio nyumbani. Simama karibu na dirisha saa nne asubuhi, dirisha likiwa ubavuni, mtoto akupige kwa simu ukiwa na kila nguo. Punguza picha mpaka iwe ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Ile ambayo bado unaona ni wewe, ndiyo hiyo.

FundiWaKibanda

Mpigapicha amesema kweli kuhusu ua, lakini kosa asipewe kitenge. Kitenge chenye chapa ndogo, rangi mbili, kinapigwa picha vizuri tu. Mteja akiniambia nguo ni ya picha ninamwambia achague chapa isiyozidi kiganja cha mtoto. Hilo la maua ya sahani lilishonwa la harusi, na harusini watu wanakutazama kutoka mbali, mwili mzima.

Na huyu ndugu wa Upper Hill, bunge ni bunge. Barua ya Mama Shamim haikutaja suti.

Mimi nataka kuzungumzia namna nguo inavyokaa, maana hapo ndipo pesa inapopotea. Chukua kiti, weka mbele ya kioo, kaa. Watu hujaribu nguo wamesimama, halafu mpigapicha anawakalisha kwenye kigoda, na nguo inapanda shingoni. Angalia mshono wa bega: unatakiwa uishie pale mfupa unapoishia. Ukiteremka mkononi, unaonekana umeazima nguo, hata kama umeinunua ghali. Tumbo, kiuno, mikono, hayo yote nayarekebisha kwa nusu saa. Bega ni kuifumua nguo yote. Suti yako ya 2016 huenda ina kitambaa cha akiba ndani ya mshono wa ubavu, zifunue mbavu uone. Kama kipo, inatanuka. Ila usifanye hivyo kwa ajili ya Jumanne. Nguo iliyotoka kwa fundi jana yake bado hamjazoeana.

Koti jipya la stoo lifue kwanza. Huja na wanga na mikunjo ya kiwandani, ile alama ya msalaba kifuani, na pasi moja haiitoi. Gauni la kitambaa kizito lipige pasi ukiwa umetandika kitambaa chenye maji juu yake, au lipigie upande wa ndani. Pasi ya moto ikigusa rangi nzito moja kwa moja inaacha mng'ao, na taa za picha zitauona kabla yako.

La mwisho, na hili nimeliona mara nyingi: usilivae gauni ndani ya matatu. Ule mkanda wa kiti unaacha mstari kutoka begani mpaka kiunoni. Libebe kwenye kiango, limefunikwa mfuko, uvalie hukohuko.

Binti_SouthC

Mama Shamim, shikamoo. Wote wamezungumza nguo, hakuna aliyegusa mtandio, na mtandio ndio utakaokuwa karibu na uso kuliko kitu kingine chochote. Mimi nimepigwa picha za kazi mara tatu, mbili zikaharibika.

Ya kwanza nilivaa satini. Ilitoka na doa jeupe la taa juu ya paji la uso, kama mtu aliyemwagikiwa mafuta. Tangu hapo navaa krepu au pamba. Ya pili nilivaa mtandio wa kijivu mbele ya pazia la kijivu, kichwa kikayeyuka ndani ya pazia. Kwa gauni lako la damu ya mzee, mimi ningechukua mtandio wa rangi ya mchanga. Unarudisha mwanga laini usoni na haupigi kelele kama mweupe.

Kofia ya ndani iwe rangi ileile ya mtandio. Ikiwa nyeusi na mtandio wa mchanga, ikichungulia hata kidogo tu, ni hiyo itakayoonekana. Chini ya kidevu usiuache mtandio ukining'inia, unatupa kivuli na unaonekana una shingo mbili. Uvute nyuma, uubane kwa pini za sumaku. Zile zenye kichwa cha lulu zinametameta. Na miwani ivae wakati mtandio bado umelegea, kisha ndipo uukaze. Ukiichomeka baadaye, mkono mmoja unakaa juu na mwingine chini, na miwani inaenda upande picha nzima.

Ya tatu ilitoka vizuri. Mama yangu ameifanya picha ya simu yake.

MamaShamim

Nimewasoma wote usiku huu, nikamwamsha Shamim anipige dirishani asubuhi kabla hajaenda shule. Nilipozipunguza picha, kitenge kilibaki chungwa tupu, ile ya suti ikabaki miwani. Gauni nilijiona. Sikutegemea. Lile gauni huwa nalivaa nikienda kwenye vikao vya wazazi tu.

Karani, nakuelewa, na najua unaniepusha na maneno. Lakini suti ile niliinunua niwaridhishe watu watano waliokaa upande wa pili wa meza, na kazi ile sikuipata. Sitaki kuibandika ukutani.

Bado naligombania koti jeupe. Mgonjwa akiingia pale mlangoni ana hofu, anatafuta mtu wa kumuuliza. Nataka anione kama atakavyonikuta dirishani akileta chupa yake. Naona nitavaa vyote viwili, gauni peke yake kwanza, kisha koti juu yake.

MzeeWaChumbaChaGiza

Mama Shamim, mwanangu. Nilikuwa na studio River Road mpaka 2009. Sijui kama msumari ule ulikuwa wangu, lakini nilikuwa na msumari na nilikuwa na koti.

Acha nikueleze koti lile lilitoka wapi. Wateja wetu wengi walishuka mabasi alfajiri wakiwa na bahasha ya vyeti. Shati limekunjamana, kola imeshika vumbi la njia nzima. Na tulijua afisa atakayeipokea ile picha anaanza kumhukumu mtu kwa kola. Basi studio ikaweka koti moja, tai tatu, na shati jeupe lisilo na mgongo, la mbele tu. Koti lilikuwa kubwa kwa sababu dogo halimwingii mnene, lakini kubwa mwembamba anavalishwa kisha unalibana mgongoni kwa vibanio vya nguo. Kwenye picha huvioni. Mtu alitoka na picha nne na sura ya mwenye kazi, na wengine waliipata kazi. Sijutii hilo.

Ninachojutia ni kwamba miaka yote ile sikununua koti la kike. Wanawake waliingia kila siku, wengi wadogo kama ulivyokuwa wewe, nami nikawavika la kiume, na vibanio sikuvitia kwa sababu niliona haya kumgusa mtoto wa watu mgongoni. Kwa hiyo mabega yakabaki mapana. Kama lilikuwa langu, niwie radhi.

Kulikuwa na mpigapicha Bamako, Mali, Seydou Keïta, aliyefungua studio mwaka 1948. Naye alikuwa na nguo na vitu vya kuazima wateja: suti za Kizungu, saa, redio, hata pikipiki ya Vespa. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake. Nikizitazama picha zile nawaona watu wamejichagulia, huyu amekaa na redio, yule ameinamia saa yake. Kwangu mteja hakuchagua. Kulikuwa na msumari mmoja.

Ushauri wangu ni mdogo. Vaa viatu vyako vizuri hata kama picha inaishia kifuani. Mtu aliyevaa ndala anasimama kama mwenye ndala, na bega linafuata mguu. Kitu kingine ni kunywa chai kabla. Njaa inakaa machoni.

MamaShamim

Narudi na habari, leo ni Jumatano.

Gauni lilisafiri kwenye kiango mpaka kazini, kondakta akanipa nafasi ya kulitundika nyuma ya kiti cha dereva bila kuongeza nauli. Nilifika saa tatu kasorobo. Nikavaa viatu vyeusi vya kisigino kifupi, Mzee, na nikanywa chai ya tangawizi kantini, bila koti.

Mpigapicha alikuwa kijana mtulivu. Nilipomwambia apime usoni alisema, "Ndiyo mama, na hiyo taa ya ubavuni nimeiwekea wewe na daktari aliyetangulia." Nikanyamaza, nikamwachia kazi yake. Miwani ilitusumbua. Nilikuwa nimetoka nje kidogo kumpokea mwenzangu getini, ikageuka nyeusi, tukasubiri. Kofia ya ndani nilikosa ya rangi ya mchanga, nikavaa ya kahawia, na kwenye picha tatu za mwanzo imechungulia. Binti, uliniambia.

Alipiga kumi na moja za gauni na saba za koti. Kabla ya koti alinitazama kifuani akaniomba nikitoe kitambulisho, kinaakisi taa. Nikakivua na kamba yake nikakiweka mezani, uso umeelekea chini.

Nimechagua ya nane katika zile za gauni, iende kwenye tovuti. Ya ukutani ni ya koti jeupe. Na Fundi, umesema kweli, nililifua mara mbili ndipo ule msalaba ukatoka. Uso unaonekana mpaka kovu la tetekuwanga kwenye shavu. Kijana aliniuliza kama alifute. Nimemwambia aliache, la kwangu hilo. Kitenge hakikuingia popote na nimesikitika kidogo, nitakivaa Ijumaa nikisaini karatasi za kitengo.

Afisi ya watumishi wamesema kitambulisho kipya kitatumia picha ya gauni.

Mzee, nimekusamehe kabla hujaomba. Lakini niambie, lile koti nililovaa lilikuwa la buluu nzito, na kifungo cha juu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Nimekuwa nikikitazama kwenye ile picha miaka 20, ndiyo maana nakikumbuka. Lilikuwa lako?

MzeeWaChumbaChaGiza

Langu lilikuwa la kahawia, mama. La buluu lilikuwa la jirani yangu wa ghorofa ya juu, Mungu amrehemu. Ule uzi mwekundu aliutia mkewe, siku uzi mweusi ulipowaishia na wateja wamejaa ngazini.